Viatu Vipya na Nguzo Kumi na Nane

Funguo za ofisi nilizirudisha mara mbili. Mara ya kwanza nilimkabidhi Shukuru tano. Nilipofika chini ya ngazi nikazihesabu tena kichwani, nikakumbuka kuwa ni sita, nikapanda tena. Ya sita ilikuwa ya choo. Shukuru, ambaye sasa meza kubwa ni yake, aliipokea akasema, "Muzee, hizi habari zako uziandike. Ukiziandika, hautakuwa unazileta hapa kila asubui." Basi nimeandika. Mkiona ni ndefu, mlaumuni yeye.

Nawaandikia ninyi mnaochora pale juu, Kakoba, mjini Mbarara, na ninyi wawili mnaosimamia mafundi Nakivale. Sitawaambia nilipanda cheo lini. Ofisi yetu haijawahi kuzidi watu wanne, na kitu pekee cha kupanda kilikuwa zile ngazi. Nitaeleza jambo moja ambalo wageni wameniuliza sana na mimi nimelijibu kwa kukohoa: zile nguzo kumi na nane ndani ya kanisa la Nakivale zilitoka wapi.

Zilitoka mguuni mwangu. Lakini ili mwelewe lazima nianze mbali kidogo.

Siku ya kwanza jeshini walituuliza nani anajua kuchora. Nilipiga hesabu haraka: anayechora anakaa mezani, na meza haipelekwi mstari wa mbele. Nikanyoosha mkono. Tulinyoosha saba. Wakatupa sepetu saba, wakatuambia kuanzia leo sisi ndio wahandisi.

Aliyetufundisha alikuwa Sajini Ocen, mtu mrefu aliyeongea kana kwamba kila neno analilipia. Kiswahili changu nilikipata kwake, ndiyo maana mpaka leo nikiagiza chai watu husimama wima. Tepu ya kupimia kikosi kizima tulikuwa nayo moja, na Sajini hakuiamini. "Wewe, hesabu mguu," alikuwa akisema. "Tepu inapotea. Mguu yako utarudi na wewe kambini." Tulitembea na kokoto mfukoni. Kila hatua mia, kokoto moja inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto. Ukifika, unarudi ukihesabu upya. Ikiwa hesabu ya kwenda na ya kurudi hazilingani, Sajini anakuuliza kama barabara imenyooka zaidi ulipogeuka. Nilijifunza kuhesabu kila kitu mara mbili, tabia ambayo mke wangu ameivumilia kwenye nyanya, kwenye watoto na kwenye wageni.

Mguu ulirudi nami kambini, kama alivyosema. Ila ulirudi mfupi.

Jeraha hili limewalisha watu hadithi nyingi. Kakoba wanajua ni risasi. Kijijini Masha nimesikia ni bomu la kutegwa. Mteja mmoja alimwambia mwenzake mbele yangu kwamba nilimbeba afisa mgongoni kilomita nane, na kwa kuwa tulikuwa katikati ya kupatana bei, sikumsahihisha. Ukweli ni kwamba asubuhi moja mabomu yalianza kuanguka karibu na kambi, nikakimbilia handaki. Handaki lile nililipima mwenyewe wiki moja nyuma: mita moja na nusu kwenda chini, nikahakikisha mara mbili. Niliruka kama mtu anayeruka mfereji. Nikatua vibaya, paja likavunjika. Handaki halikuwa na kosa lolote, lilikuwa na kina kile kile nilichokiandika.

Wawili walikuwa wakikimbia nyuma yangu, na hawakufika. Hao siwaingizi kwenye mzaha. Nawataja ili mjue kwa nini, nikiulizwa kama mguu unaniuma, huwa najibu kwamba unauma kiasi.

Paja lilipounga lilikuwa limepungua sentimita mbili na nusu. Hatua yangu ya zamani ilikuwa sentimita sabini na tano, na nilijivunia hiyo kuliko wenzangu walivyojivunia nyota za begani. Sasa ilibidi nijipime upya. Nilikuwa kambi ya jeshi ya Makenke wakati huo, nikitembea barazani kila asubuhi na fimbo, huku wake wa askari wakifua nguo na kunihesabia.

"Afande, leo ngapi?" aliniuliza mmoja wao.

"Sabini."

"Na jana?"

"Sabini."

"Basi pumzika. Haitaota tena."

Sabini ikawa namba yangu. Nikatoka jeshini na fimbo, cheti cha uchoraji wa majengo, na hiyo sabini.

Aliyeniajiri ni Mzee Kamugisha, ambaye picha yake bado iko juu ya kabati la ramani, ile anayotazama kamera kama anayedai irudie. Ofisi ilikuwa pale pale mlipo, juu ya duka la rangi. Aliniuliza kama najua kupima. Badala ya kujibu nilikitembea chumba chake, nikasema mita tano na sentimita sitini. Akatoa tepu, akapima: tano na sitini. Akaikunja taratibu.

"Kazi umepata," akasema. "Lakini tepu utaitumia."

Niliitumia. Yaani, niliitumia akiwa anatazama.

Mengi mnayoyaona kuwa desturi za ofisi ni yake. Ile rula ya T iliyong'atwa na panya upande mmoja, ndiyo maana mistari yetu ya kushoto ina wasiwasi. Wembe wa kukwangua wino, kwa sababu kwake kufuta kulikuwa nusu ya kuchora. Kwamba mteja mwenye kiwanja cha vyumba viwili akitaka vinne, mchoree vinne, lakini usimchoree vitanda. Na kubwa kuliko yote: usichore juu ya ukuta ambao hujaushika kwa mkono. Mwendo wangu wa kuhesabu hatua aliuchukia mpaka mwisho. "Siku moja huo mguu utakupeleka mahali," alikuwa akiniambia. Alipofariki aliniachia meza, rula, na wateja watatu, wawili wao shemeji zake.

Nilikuwa nimeendesha ofisi peke yangu kwa miaka kadhaa nilipopata viatu.

Karibu na soko la Kakoba alikuwapo fundi viatu Mkongomani ambaye alinitazama nikipita kila siku kwa mwaka mzima. Siku moja alinizuia. "Muzee, hii mguu inakutesa bure. Leta kiatu." Akaongeza soli ya kushoto kwa sentimita mbili na nusu, mpira mzuri, ukashonwa ukashonwa tena. Nilipatana naye bei kwa nusu saa, nikashinda, na mpaka leo sijui kwa nini nilifurahi. Nilisimama. Mabega yakawa sawa kwa mara ya kwanza tangu handakini. Nyumbani mke wangu aliposikia hatua zangu sebuleni alitoka jikoni na leso kichwani, akidhani kuna mgeni.

Siku tatu baadaye nilikwenda Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi.

Waliokuwa wameniita ni Wakongomani wa Kivu ya Kusini, waumini wa kanisa ambalo kwa miaka waliombea chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki mnayoyajua, hadi jua lilipoyatoboa. Safari hii walikuwa wamejenga kuta wenyewe. Kila familia ilileta matofali arobaini ya udongo mbichi, yaliyokaushwa na jua tu. Kuta zilikuwa zimesimama, nene, nzuri, hazina paa. Na tofali bichi lina adui mmoja. Mvua ikizikuta kuta hizo wazi, zinarudi kuwa uwanja.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mama Furaha, muuza samaki wakavu, mwanamke mfupi aliyesimama daima kana kwamba ana beseni kichwani. Fundi mkuu alikuwa Mzee Liberati, Mrundi na Mkatoliki, aliyekubali kuwajengea Waprotestanti kwa sababu, alisema, udongo hausali. Hao wawili hawakuachana hata dakika moja.

"Muzee Liberati, ukimaliza tutakubatiza upya," Mama Furaha alikuwa akimwambia.

"Mama, maji ya kwanza yalinitosha."

"Yalikuwa ya kunyunyiza tu."

"Nilikuwa mdogo. Yalienea."

Kazi yangu ilikuwa paa. Mbao na mabati yalitoka kwa mfadhili ambaye alisema wazi kwamba anatoa mara moja. Nilipaswa kupima kuta, kuchora kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba paa, zichongwe Kakoba, ziletwe kwa lori, na kila kitu kikae juu kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Tepu nilikuwa nimeisahau mezani Mbarara. Mzee Liberati alinipa kamba yake, ile yenye vifundo kila nusu mita. Niliitazama kama daktari anavyotazama dawa ya kienyeji.

"Asante, Mzee," nikamwambia. "Mimi natembea."

Nikatembea, kutoka ukuta hadi ukuta, watu wakinitazama. Kumi na mbili. Nikageuka. Kumi na mbili. Hatua kumi na mbili mara sabini ni mita nane na sentimita arobaini. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari. Nikapima na urefu, mara mbili vile vile. Nikachora pia baraza la mbele, la nguzo mbili na paa lake dogo, jambo ambalo hakuna aliyeniomba, lakini nilikuwa na viatu vipya na moyo ulikuwa juu.

Kenchi tisa zilifika wiki ya mwisho ya Agosti. Zilipakuliwa kwa nyimbo. Vijana wa kwaya wakapandisha ya kwanza, wakaikalisha upande wa kushoto, sawasawa kabisa. Upande wa kulia uliendelea kuning'inia hewani. Waliivuta kulia. Sasa wa kushoto ukaning'inia. Waliivuta katikati, ikawa haigusi popote, na wimbo ukakatika kabla ubeti haujaisha.

Mnajua msanifu anafanya nini wakati kama huo. Anatafuta wa kumlaumu, na anaanza na aliye karibu.

"Mzee Liberati," nikasema, "huu ukuta umetanuka."

Akashuka kwenye jukwaa, akafuta mikono kwenye suruali. "Kuta hazitembei, Enjenieri. Anayetembea ni wewe."

Watu walicheka kidogo, kwa heshima. Nikasema basi nitapima tena mbele ya wote. Nikatembea. Kumi na mbili. Nikageuka. Kumi na mbili. Nikatandaza mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

Mzee Liberati akatandika kamba yake. Vifundo kumi na nane. Mita tisa kamili.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi mara zote nne. Mama Furaha hakuwa akitazama kuta wala kamba wala kenchi. Alikuwa akitazama miguu yangu.

"Enjenieri," akasema, "hivi biatu bya mupya, siku ya kupima ulikuwa nabyo?"

"Ndiyo."

"Na ile namba yako ya mguu, uliipata na biatu gani?"

Nikainama kuitazama soli ya kushoto.

"Bivue," akasema.

Nikavivua. Mbele ya waumini kama mia moja na vijana wa kwaya juu ya ukuta, nilivuka kanisa lisilo na paa nikiwa na soksi, moja ina tundu, nikichechemea kama zamani. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, na bado ukuta ulikuwa mbele yangu. Niliufikia kwenye ya kumi na tatu, ikiwa haijakamilika. Viatu vilinirudishia sabini na tano yangu ya ujana na mimi nikaendelea kuhesabu kama mzee. Kila hatua niliiibia kanisa sentimita tano.

Nikaushika ukuta kwa mkono. Mzee Kamugisha angekuwa hai angeketi.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa rahisi. Mama Furaha alikuja mpaka nilipo, akaongea taratibu, kama anayenipa maelekezo ya njia.

"Sikia. Hii kuta, batu bamebeba matofari na kichwa. Kila famii makumi ine. Mama moja alileta yake akiwa na mimba, akazaa kesho yake. Mvua ikikuya mbele ya mabati kupanda, yote inarudia udongo, na mimi siwezi kurudia kwa hawa batu kubaambia baanze tena. Batanikubalia. Njo maana siwezi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mama."

"Basi vaa biatu, ufikiri."

Nilivaa. Kufikiri ndiko kulikonishinda. Nilifikiria kurefusha kenchi, lakini mbao ya kuungwa katikati haibebi. Nilifikiria kumrudia mfadhili, nikakumbuka sauti yake. Nilifikiria, na hili naliandika kwa aibu, kwamba lori lilikuwa bado halijaondoka na lilikuwa na nafasi mbele.

Aliyefikiri alikuwa Mzee Liberati. Alikaa chini na kamba yake, akatembeza jiwe sakafuni kutoka ukutani kuja ndani, akalisimamisha penye sentimita thelathini. Akavuka akafanya vile vile upande wa pili. Akaniita kwa kidole.

"Kenchi inataka kitu cha kukalia tu, Enjenieri. Haiulizi kama ni ukuta."

Nguzo. Nguzo ya matofali chini ya kila mwisho wa kenchi, ikiegemea ukuta kwa ndani. Kenchi tisa, miisho kumi na nane. Juu, tungepigilia vipande vya mbao kurefusha paa lipite nje ya ukuta na kuukinga na maji. Urefu wa jengo nao nilikuwa nimeukosea kwa zaidi ya mita, lakini urefu una huruma: unazitawanya kenchi kidogo zaidi na unanyamaza. Mabati ndiyo yasingetosha. Nilihesabu mara mbili, nikapata yanayopungua ni karibu sawa na yale ya baraza langu la mbele.

"Baraza lifutwe," nikasema. Nikachukua wembe nikalikwangua kwenye karatasi palepale. Lilikuwa kitu pekee katika jengo lile nilichokuwa nimekibuni kwa makusudi.

Matofali ya nguzo yalikuwa mia tisa. Mabichi yangehitaji majuma mawili ya jua, na mawingu tayari yalikuwa yanakuja kukaa juu ya vilima kila alasiri. Tulihitaji ya kuchoma. Nikapanda pikipiki mpaka Masha, kwa mtu mwenye tanuri na ng'ombe wengi, kumpa kile nilichokuwa nacho, yaani mchoro. Nimepatana bei maisha yangu yote, na siku ile ndiyo niliyopatana vibaya kuliko zote, kwa sababu kila baada ya sentensi nilitazama juu.

"Nitakuchorea zizi la kisasa," nikaanza. "Lenye mfereji, lenye sehemu ya ndama."

"Afande, ng'ombe yangu inajua kulala bila ramani."

"Basi ghala."

"Unaangalia nini huko juu?"

"Hakuna."

"Iko mvua, ee? Unajengea nani?"

Nikamwambia. Alifikiri, akaangalia viatu vyangu, ingawa hakujua chochote kuvihusu. "Mimi nataka nyumba iko na juu," akasema. "Ghorofa. Na ngazi ya ndani. Na utakuja mwenyewe kusimamia."

Nilimchorea ghorofa, na nilisimamia. Alijenga ya chini, akajenga na ngazi. Ya juu hakuijenga. Mkipita Masha mtaiona ngazi ile kupitia dirishani, inapanda vizuri sana mpaka kwenye dari na kusimama hapo. Lakini matofali alinipa elfu moja, na nilipoyahesabu mara ya pili yalikuwa elfu moja na kumi. Sikuuliza.

Nguzo zilijengwa kwa siku nane. Mimi nilichanganya udongo, kwa sababu hakuna aliyeniruhusu kupima. Mzee Liberati alijenga upande mmoja na wanafunzi wake upande mwingine, na Mama Furaha alipita katikati akihesabu mistari ya matofali kwa sauti ili nisikie. Siku ya tisa kenchi zilipanda, na zilikaa. Siku ya kumi na mbili, Jumamosi, saa tisa mchana, yalibaki mabati manne ya kona ya nyuma, na mvua ikaja.

Haikuanza kwa matone. Ilifika yote. Mafundi wakashuka kwa sababu bati lililolowa linateleza, na ile kona ikabaki wazi. Kina mama wakaleta shitingi kutoka nyumbani kwao, zile zile kuukuu za kanisa la zamani, tatu, moja juu ya nyingine ili matundu yasikutane. Tukazishika juu ya ukuta kwa miti na mikono. Nilishika pembe moja, Mzee Liberati nyingine, maji yakitushuka mikononi hadi kwapani.

"Muzee Liberati," Mama Furaha alimpigia kelele kutoka upande wa pili, "sasa umezamishwa muzima."

"Hii haihesabiki, Mama. Mchungaji hayupo."

Tulishika kwa muda ambao sikuuhesabu. Mvua ilipopita tuliteremsha shitingi. Kwenye kona ile ukuta ulikuwa umelambwa kiasi cha kiganja, na alama iko mpaka leo, kama shavu la mtu aliyelalia mkeka. Kwingine kote ulikuwa mkavu. Mama Furaha alitembea ukuta mzima akiugusa, akarudi, akaniambia, "Enjenieri, kanisa iko. Sasa nenda ule."

Kilichofuata ndicho ninachowaomba mnisamehe.

Kati ya nguzo na nguzo zilibaki nafasi kando ya ukuta, kina cha sentimita thelathini. Mzee Liberati alizijaza chini kwa udongo na matofali yaliyobaki mpaka usawa wa goti. Zikawa viti. Wazee wakaziwahi kwa sababu zina mahali pa kuegemea. Mama wanaonyonyesha wakaziwahi kwa sababu nguzo inawaficha kidogo. Wakongomani wakaziita "mu biatu", yaani ndani ya viatu. "Bibi, njo ukae mu biatu," utasikia Jumapili, na watoto waliozaliwa baadaye wanadhani ndilo jina la kawaida la kiti cha kanisani.

Halafu wageni wakaanza kuja. Mhadhiri mmoja alisimama katikati akapiga picha nguzo nyekundu mbele ya kuta za kijivu, akasema ni mazungumzo kati ya udongo mbichi na udongo uliochomwa. Nilikohoa. Aliuliza wazo lilinijiaje. Mama Furaha akajibu kwa niaba yangu, uso umetulia kabisa: "Enjenieri wetu alilitembelea sana." Na macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye viatu vyangu. Amefanya hivyo kwa kila mgeni, miaka yote hii. Hajawahi kunisema, na hajawahi kuniacha.

Makanisa mengine mawili yakaniomba viti kama vile, na shule moja. Niliwachorea. Nilitumia tepu.

Mwezi uliopita, nikiwa nafungasha, niliona mezani kwa Shukuru mchoro wake wa ukumbi mpya wa pale pale Nakivale. Nguzo ndani, viti kando ya ukuta, sentimita thelathini. Kwenye maelezo ameandika kwamba anafuata mtindo wa ofisi. Nilikaa. Nikamweleza yote, handaki, sabini, soksi yenye tundu. Alinisikiliza huku amekunja mikono.

"Kwa hiyo ni makosa," akasema.

"Ni makosa."

"Mama yangu alimunyonyesha mudogo wangu mu ile fasi, Muzee. Pembeni ya nguzo ya tatu. Mimi nilikuwa ninasimama mbele yake, kumufunika."

"Sikujua."

"Ungejulia wapi? Ulikuwa unakohoa." Akachukua kalamu. Nilidhani anafuta. Alikuwa anaongeza upana wa viti, kutoka thelathini hadi arobaini, kwa sababu thelathini, alisema, ni nyembamba kwa mama mwenye mtoto, na anajua. Hapo ndipo aliponiambia mara ya kwanza niandike; siku ya funguo alirudia tu.

Wadogo zangu, sina mafundisho mengi. Jipimeni kila mnapobadilisha viatu. Mkipewa kamba na mtu aliyejenga ukuta, ipokeeni. Na mkikosea, kaeni pale pale mpaka mvua ipite.

Jumapili iliyopita waliniita Nakivale kuniaga. Mzee Liberati alikuja, amezeeka, Mkatoliki bado. Kulikuwa na hotuba, na katika zote sikusikia neno soksi, ingawa wakati mmoja kwaya ilicheka bila sababu. Nilipochoka kusimama Mama Furaha alinionyesha nafasi kati ya nguzo ya nne na ya tano. Nikakaa, nikanyoosha mguu mfupi mbele, ukaenea. Kisha, kwa mazoea, nikahesabu waliokaa pembeni, pande zote mbili. Ishirini na wawili. Nikahesabu tena, nikapata ishirini na watatu, na ilinichukua muda kugundua kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimejisahau mimi.